Gego la Nassibu

Daktari wa meno alizungumza na mimi, si na mume wangu Nassibu, maana alikwisha jua nani msikivu kati yetu.

"Mama, gego hili nimeliziba. Dawa haitakauka mpaka kesho, kwa hiyo leo asitafunie upande huu hata kidogo. Anywe uji, asukutue kwa maji ya chumvi, na kitu cha kunata asiguse kabisa. Dawa ikichomoka, tundu litazidi kuwa kubwa na mimi nitaling'oa."

Nassibu aliitikia kwa kichwa, shavu la kulia limekufa ganzi, mate yanamtiririka. Nilimfuta kwa upindo wa kanga yangu. Mume wangu alikuwa mwonja nta. Wanunuzi wa Tabora hawakununua nta ya warina asali mpaka Nassibu atafune kipande. Nta safi hukatikakatika mdomoni. Iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe hunata kwenye meno. Upande wa kushoto magego yake yalikwisha kung'olewa, na kulia lilibaki hili moja tu lenye mwenzake wa juu. Likitoka hilo, na kazi imetoka. Mwonja nta kibogoyo nani atamsikiliza?

Hatukuwahi hata kufika nyumbani Cheyo. Mpagazi wa Bwana Humudi, mnunuzi mkubwa wa nta, alitukuta njiani anahema: kuna ugomvi ghalani, Nassibu anatakiwa. Nikasema haendi. Nassibu akaenda. Nikamfuata nikisonya njia nzima.

Ghalani tulimkuta Yoramu, mrina asali wa Sikonge, kaketi juu ya mzigo wake, askari kasimama nyuma yake. Bwana Humudi alikuwa ameikwaruza nta kwa kucha, akadai ina mafuta. Yoramu alisema ni jua la njiani tu.

"Tafuna, Nassibu," alisema Bwana Humudi. "Ikinata, huyu anakwenda ndani."

"Hatafuni!" nilimkatiza. "Kazibwa jino leo hii. Ngojeni kesho."

"Haya. Basi naye alale rumande mpaka hiyo kesho yako."

"Nipeni nitafune mimi!"

Askari akacheka. Nilitamani kumzaba kofi, pamoja na koti lake la serikali.

Nassibu alikuwa amekwisha kata kipande. Alisema kwa shida, ulimi bado mzito: "Mama Zamda, miaka yote natafuna nta ya Yoramu, haijanata hata siku moja. Nta safi haing'oi kitu. Kwa nini mtu alale ndani bure?"

Utulivu wake uliniudhi. Nikamgeukia Yoramu.

"Shemeji, umesikia mwenyewe. Nta yako ikiwa safi, jino litabaki. Ikinata, itaondoka na jino na chakula cha wanangu. Mimi sikujui. Anayekujua ni huyu."

Yoramu alikikodolea macho kile kipande. Nassibu akafumbua mdomo, akakiweka upande wa kulia, juu kabisa ya gego lililozibwa, na nikaona taya linaanza kupanda. Nikafumba macho.

"Usitafune!"

Nilipofumbua, Yoramu alikuwa amemrukia, kalikamata taya kwa mkono mmoja, na kwa kidole cha mkono wa pili anaichokoa nta kama mama anayemtoa mwanawe jiwe mdomoni. Akaitupa chini.

"Usitafune, ndugu yangu. Moto umeniunguzia mizinga yote. Nimechanganya."

Bwana Humudi akaanza kutukana, askari akamkamata Yoramu mkono. Nassibu alibaki kaduwaa, mdomo wazi.

"Angeniambia," alisema, machozi yakamtoka.

Nami hasira yote niliyotoka nayo njiani sikupata pa kuimwaga. Nilimwonea Yoramu huruma, nikamshukuru, na vyote viwili viliniudhi.

Jioni nilimtengenezea Nassibu maji ya chumvi ya vuguvugu. Akasukutua polepole, akatema, nikamchungulia mdomoni kwa taa: dawa imekaa mahali pake. Kisha nikapika uji wa mtama, mwepesi, nikammiminia kikombe kimoja. Uliobaki niliufunika, nikaubeba rumande kwa Yoramu kabla haujapoa.