Kidoti cha Malkia wa Uajemi

Katika mchezo ule mimi nilikuwa mfungwa. Nilivaa minyororo ya karatasi iliyopakwa rangi ya chuma, nikabeba sinia, na nilikuwa na maneno manne tu ya kusema: "Malkia, adui yuko mlangoni." Niliyasema mapema mno, kabla vita havijatangazwa. Malkia wa Uajemi akanitazama kutoka kwenye kiti chake cha enzi, akasema, "Mwambie angoje." Watu walicheka mpaka poda ikadondoka kutoka kwenye wigi zao, ingawa mchezo wenyewe ulikuwa wa huzuni.

Malkia alikuwa Bibi Mkubwa wa Harrowmere mwenyewe. Ndiye aliyeniajiri niwafundishe wanawe wadogo Kilatini, nikiwa nimetoka chuo kikuu miezi minne tu. Kila majira ya baridi, barabara zikijaa matope na wageni wakiwa hawana pa kwenda, familia ile iligeuza ukumbi wa kulia chakula kuwa jukwaa. Hawakuigiza vizuri. Waliigiza kwa moyo wote, na kwa hilo niliwapenda. Wiki tatu nzima ungewakuta wamesimama mbele ya kioo kirefu cha sebuleni, mmoja akitoka mwingine akiingia, wakijifunza kukunja uso, kuzimia na kuchomoa upanga.

Kesho yake, baada ya onyesho, Bibi Mkubwa alitaka picha. Si ya rangi. Alitaka ya kuchapwa, ili kila rafiki apate yake na kila asiye rafiki aione kwa rafiki. Basi akaitwa Mzee Obadiah Pell, mchonga shaba wa mjini Welbridge, aliyechonga picha kwenye mabamba ya shaba ili zichapwe. Alikuja na binti yake Keziah, aliyembebea karatasi na kalamu.

Nusu ya siku ilipotea kabla mstari wa kwanza haujachorwa, kwa sababu ya swali moja: nani asimame mkono wa kulia wa Malkia?

"Mimi," alisema Lodi Rupert, mpwa wake Bibi Mkubwa, aliyeigiza jemadari. Kofia yake ya manyoya ya mbuni ilikuwa inagusa mishumaa. "Shangazi, mimi ni mtoto wa Duke. Mezani nakaa kulia. Kanisani nakaa kulia. Nikifa nizikwe kulia."

"Lakini kwenye mchezo mimi ni binti mfalme," alisema Honoria, bintiye Bibi Mkubwa. "Wewe ni mwajiriwa wangu."

"Wewe umetekwa. Mateka hana upande."

Mwishowe Lodi akasimama kulia, upanga mkononi. Honoria akaketi miguuni pa mama yake, akiwa amenuna. Mimi na sinia langu tukasukumwa kushoto, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anapagombania.

Nilipokuwa nimesimama hapo bila kupumua, ndipo nilipoona jambo. Mzee Pell alishika kalamu na kuinyanyua mara kwa mara kama mtu anayepima, lakini karatasi yake ilibaki nyeupe. Aliyechora alikuwa Keziah, nyuma ya bega la baba yake. Aliniona nimeona. Akaweka kidole mdomoni.

*

Wiki sita baadaye, Bibi Mkubwa alinituma mjini nikachukue chapa ya majaribio. Wachonga shaba wana desturi yao: kabla ya kuandika majina chini ya picha, huchapa karatasi moja au mbili zisizo na maandishi ili mwenye picha azikubali. Akikubali, ndipo majina yanachongwa, ya waliochorwa na ya aliyechonga.

Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshazoea karakana ya akina Pell. Nilipata visingizio vingi vya kupita pale. Nilikuwa nimeambiwa pia siri yote: macho ya Mzee Pell yalikuwa yanafifia mwaka wa tatu sasa, na mabamba manne ya mwisho yalichongwa na Keziah, huku chini yake pakiandikwa jina la baba. Lakini baba alikuwa amempa ahadi. Bamba la Harrowmere, likikubaliwa, lingebeba jina la Keziah Pell. Nyumba kubwa kama ile ikilikubali jina hilo, hakuna ambaye angelikataa. Lisipokubaliwa, siku Mzee akishindwa kabisa kuigiza kwamba anaona, karakana ingefungwa, na ufundi wote ule wa Keziah ungeishia kwenye kushona vifungo.

"Umefika kwa wakati, Ambrose," alisema Keziah. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa wino mpaka viwikoni. "Ndiyo kwanza inatoka."

Alizungusha gurudumu la mashine ya kuchapia, akaibandua karatasi polepole kutoka kwenye shaba. Tukainama wote wawili.

Ilikuwa nzuri. Sijui kusema zaidi. Hariri ilikuwa hariri, manyoya yalikuwa manyoya, na Honoria alikuwa amenuna kwa namna ambayo ungemwonea huruma. Nilitaka kusema hivyo, lakini nilimwona Keziah amekuwa mweupe kama karatasi yenyewe.

"Upanga," alisema.

"Una nini?"

"Ameushika kwa mkono wa kushoto."

Nikatazama tena. Lodi Rupert alikuwa kushoto kwa Malkia, akishika upanga kwa mkono wa kushoto. Na kulia kwa Malkia, mahali pa heshima palipogombaniwa nusu ya siku, nilisimama mimi na minyororo ya karatasi na sinia.

Kinachochongwa kwenye shaba hutoka kinyume kwenye karatasi. Kwa hiyo mchongaji huigeuza picha kwanza, ili mashine iigeuze tena na kuirudisha sawa. Kila mtoto wa karakana anajua hilo.

"Niligeuza," alisema Keziah. "Wiki sita nilichonga nikitazama mchoro kwenye kioo. Baba! Niligeuza!"

Mzee Pell alikuwa ameketi dirishani akinoa patasi kwa kupapasa. Akasimama taratibu.

"Mwanangu," alisema, "ile karatasi ya mafuta uliyonakilia... siku ile ulipokwenda kununua mkate..."

"Ulifanya nini, Baba?"

"Niliigusa nikaona bado haijapinduliwa. Nikajua umesahau. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakupindulia kila mara. Basi nikakupindulia."

"Baba jamani! Na mimi nikaweka kioo!"

"Kwa nini hukuniambia kwamba unatumia kioo?"

"Kwa nini wewe hukuniambia kwamba umepindua?"

Mzee hakusema kwa sababu hakutaka binti yake ajue anamchunga. Binti hakusema kwa sababu alitaka, kwa mara moja, afanye kila kitu peke yake. Karatasi ya mafuta huonyesha mchoro pande zote mbili, na mtu akichonga uso mmoja mmoja, pua leo na sikio kesho, kulia na kushoto humchanganyikia.

"Labda hawataona," nilisema.

Keziah alinitazama kwa huruma. "Lodi Rupert? Hataona?"

"Nitasema nimekosea mimi," alisema Mzee. "Picha ni yangu, aibu ni yangu. Tutachonga upya, na jina..." Alijua, kama sisi, kwamba jina lingengoja bamba lingine, na huenda bamba lingine lisije.

Keziah akafungua kamba ya aproni yake. "Twende wote," alisema. "Nitawaambia mwenyewe. Sitaki waione kwanza halafu wanitafute."

*

Tuliwakuta mezani asubuhi ya kesho yake, wanakunywa chokoleti. Bibi Mkubwa alikuwa bado na vikaratasi vya kusokotea nywele kichwani. Keziah alipiga goti kwa adabu na kufungua mdomo aseme, lakini Bibi Mkubwa alikuwa ameshampokonya karatasi.

Aliitazama kwa muda mrefu. Mzee Pell alikuwa amenishika mkono, akiukaza.

"Huyu," alisema Bibi Mkubwa hatimaye, "ni mimi."

"Bibi Mkubwa," alianza Keziah, "naomba niseme..."

"Nyamaza, mtoto. Miaka ishirini nimechorwa na watu wenye majina makubwa. Mnaona ile picha ya ukutani? Yule ni mwanamke mwingine aliyeiba nguo zangu. Sijawahi kumfahamu. Lakini huyu namjua. Huyu ndiye ninayeamka naye kila siku. Angalieni hata kidoti cha shavuni kilivyokaa!"

Honoria alichungulia. "Mama, kidoti chako kiko upande mwingine."

"Kidoti changu kiko palepale, asante."

"Ila mimi umenipata kabisa, Mzee Pell. Hivi ndivyo ninavyonuna. Nilifanya mazoezi."

Lodi Rupert akaweka kikombe chini. "Leteni nione." Alishika karatasi kwa mikono miwili, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyepokea barua ya mapenzi. "Aa! Mdomo huo! Wachoraji wote hunipinda mdomo, nikaonekana kama nimelamba ndimu. Hapa umetulia. Shangazi, mimi nimetoka sawasawa. Ila wewe umekosewa kidogo."

"Mimi nimekosewa? Wewe ndiye pua imehamia!"

"Nyote mmekosewa," alisema Honoria. "Isipokuwa mimi."

Wakaanza kubishana, kila mmoja akijitetea na kuwashangaa wenzake, na hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona Keziah naye ameelewa. Wiki tatu walikuwa wamejitazama kwenye kioo kirefu cha sebuleni na mavazi yale. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujiona kwa namna nyingine, na picha iliyogeuka ilikuwa kioo kilekile.

Keziah angeweza kunyamaza. Ninalikumbuka hilo kila ninapochoka kuwaamini watu. Alikuwa ameshapata alichokitaka, wanamsifu, na alichohitaji kilikuwa kuinamisha kichwa na kuondoka.

"Bibi Mkubwa," alisema, "picha imegeuka. Ni kosa."

Akaichukua, akaenda kwenye kioo cha juu ya meko, akaielekeza humo. "Hivi ndivyo ilivyotakiwa kutoka. Hivi ndivyo watu wanavyowaona."

Wakasogea karibu, wakatazama kiooni. Honoria akapiga kelele. Bibi Mkubwa akashika shavu lake upande mmoja, kisha wa pili.

"Ina maana watu wote," alisema Lodi Rupert kwa sauti ndogo, "siku zote, wanaona ule mdomo?"

"Sisi tumeshauzoea," alisema Honoria.

Ndipo macho ya Lodi yakashuka, yakaniona mimi na sinia langu. "Ngojeni kwanza. Shangazi! Mwalimu yuko wapi hapa? Mwalimu yuko kulia!"

"Nimeona."

"Mfungwa mkono wa kulia, mimi kushoto! Jiji zima litacheka. Ichongwe upya!"

"Kosa ni langu, Bibi Mkubwa," Mzee Pell alisema kwa haraka. "Mimi ndiye..."

"Ni langu mimi," alisema Keziah. "Patasi nilishika mimi. Na mabamba manne kabla ya hili. Baba haoni vizuri tena."

Mzee aliinamisha kichwa, na mimi nilitamani sakafu inimeze kwa niaba yake. Bibi Mkubwa akamtazama, akanyoosha mkono juu ya meza na kupapasa mpaka akapata kikombe chake, kilichokuwa ng'ambo ya bakuli la sukari.

"Mimi mwenyewe sioni mbali zaidi ya sukari tangu mwaka juzi," alisema. "Hamkujua? Hamkujua kwa sababu naigiza vizuri kuliko mnavyodhani." Kisha akamgeukia mpwa wake. "Rupert, chagua. Ukitaka kukaa kulia, picha inageuzwa, na utachapwa mara mia mbili na ule mdomo uliouona kiooni sasa hivi. Ukikaa kushoto, unabaki na huu wa kwenye karatasi."

Sijawahi kumwona mtu mwenye cheo akiteseka vile. Alitazama karatasi. Alitazama kioo. Akagusa mdomo wake.

"Cheo changu kila mtu anakijua," alisema mwishowe. "Hakihitaji picha. Na Mwalimu akae kulia, maadamu amefungwa minyororo."

"Umesema vizuri. Na wewe, binti," Bibi Mkubwa alimwambia Keziah, "andika majina yetu vizuri. Halafu chini kabisa andika jina la aliyechonga. Nataka watu wakija kulalamika kuhusu kidoti changu, wajue waende kwa nani."

Keziah alijibu kwa adabu, akapiga goti, akatoka nje. Nilimkuta bustanini amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, analia na kucheka pamoja, na wino umemchafua uso mzima.

*

Herufi alizichonga Jumanne iliyofuata, mchana, mlango ukiwa wazi. Mimi nilikuwa nimeleta vitabu ambavyo hakuna aliyeviomba. Bibi Mkubwa, Lodi, Honoria, hata mimi, tuliandikwa mmoja mmoja. Kisha kwenye pembe ya chini, kwa herufi ndogo kama punje za ufuta, akachonga jina lake.

Alipomaliza, alipuliza vumbi la shaba. Mzee Pell akasogea, akaweka ncha ya kidole pale pembeni na kuipitisha juu ya herufi polepole, moja moja, kutoka kulia kwenda kushoto.

"Limegeuzwa?" aliuliza.

"Limegeuzwa, Baba."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Mara ngapi?"

"Mara moja tu," alisema Keziah, na akaniita nimsaidie kuzungusha gurudumu.