Kupe wa Kijani

Daktari wa meno alianza kumshuku mumewe siku ileile waliyokwenda pamoja yadi ya magari. Kilichomtia shaka hakikuwa ubaya. Mume alikubali, basi.

Mume mwenyewe alikuwa mwalimu wa udereva, na mtaa mzima ulimwita Klachi kwa sababu ndilo neno alilowapigia wanafunzi kelele tangu ujana wake. Ndani ya ndoa yao, mambo ya magari yalikuwa himaya yake. Yeye ndiye aliyechagua, yeye ndiye aliyeshika usukani, na kila alilochagua lilifanana na kabati: jeupe, refu kwenda juu, milango tele, nyuma nafasi ya kubeba ukoo na mizigo ya ukoo. Kwa hiyo mke aliposimama mbele ya gari la kijani kilichokolea, la milango miwili tu, lenye boneti refu na paa lililoteremka taratibu hadi mkiani, na moyo ukamwenda mbio kama wa msichana, alijiandaa kwa vita.

"Hili linaitwa kupe, mama," alisema muuzaji, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko bidhaa zake.

"Kupe?" Klachi akauliza. "Huyu wa kwenye ng'ombe?"

"Ndivyo aina hii inavyoitwa, mzee. Gari la watu wenye macho."

Klachi hakucheka. Alilikaribia lile gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akakipitisha polepole hadi kwenye kioo, akaendelea na mlango, kisha nyuma. Alizunguka gari zima hivyo, mkono haujabanduka. Mke alisubiri maneno: watoto wa dada watakaa wapi, hili likipita kwenye matuta litaacha tumbo barabarani, vipuri vyake utavipata wapi.

"Chukua, Dakta," mume akasema. "Chukua hilihili."

"Hujaliwasha hata."

"Wewe ndiye utakayeendesha. Mimi nimechoka na usukani."

Klachi achoke na usukani! Walipotoka pale, Dakta akiwa nyuma ya usukani, mumewe kando amelala kwenye kiti cha ngozi kama mwana wa mfalme, furaha ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa inauliza: huyu anataka nini?

Kupe alikuwa na vituko vyake. Milango yake ilikuwa mirefu hata ukiegesha karibu na ukuta unatoka kwa kujipenyeza kama mwizi. Kiti kilikuwa chini mno, na Dakta, ambaye kutwa nzima huinamia vinywa vya watu, alishuka jioni akishika kiuno. Mafuta lilikunywa, wala si kwa kunusa. Wifi yake, dada mdogo wa Klachi, msusi mwenye ulimi mkali na kimo kifupi, alisema jina limelifaa, maana kazi yake ni kunyonya. Lakini injini ilipoguruma kwa sauti nzito ya chini, na watu wakageuza shingo, Dakta alisahau kiuno.

Njia ya kwenda kliniki kwake ilikuwa fupi na imejaa matuta, kwa hiyo siku nyingi alitembea kwa miguu na kumwacha Kupe nyumbani, uani. Ndipo mambo yalipoanza.

Jioni moja aliingia garini, magoti yakagonga usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa. Yeye ni mrefu, na mumewe ni mrefu kuliko yeye. Hakuna fundi aliyekuja, hakuna mgeni. Akakirudisha kiti. Siku nyingine akakuta unywele kwenye mkanda, mrefu, wa rangi ya shaba. Akaupeleka mwangani, akautazama kama anavyotazama picha ya jino. Juma lililofuata akakuta mwingine, huu mweusi tii. Kisha mwingine wa rangi ya zambarau.

"Huyu ni mmoja," alijiuliza, "au ni kikosi?"

Nyumbani alianza kumchunguza Klachi kwa jicho la pembeni. Naye kweli alikuwa amebadilika. Alikuwa akikaa sana kimya. Akiongeleshwa kutoka upande, alishtuka kama mtu aliyefumaniwa. Alimwaga chai, akagonga meza, akasingizia mawazo. Mawazo ya nani? Asubuhi bado alivaa shati la kazi, akaaga, akatoka.

"Kazi inaendaje?" mke alimuuliza mezani.

"Ileile. Watu hawajui klachi."

"Na gari letu, huwa unalitumia mchana?"

"Mimi? La nini, na shule ina magari?" Alijibu akitazama sahani yake.

Kesho yake, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, Dakta alipiga simu shule ya udereva, akajifanya mama anayetafuta mwalimu mpole wa bintiye. Amesikia sifa za Klachi, akasema.

"Aa, huyo aliacha kazi zamani, mama," alijibu mpokea simu. "Aliacha mwenyewe tu, hatukumfukuza. Nikupangie mwingine?"

Dakta alikata simu, akakaa kwenye kile kiti cha wagonjwa, miguu juu, kofia ya karatasi kichwani, akaitazama dari. Mtu anayeamka, akavaa, akaaga, akaenda mahali pasipokuwepo, huwa anakwenda kwa nani?

Hakumwambia mtu. Asubuhi moja aliaga kama kawaida, akaahirisha wagonjwa wake, akaketi kwenye mgahawa unaotazamana na lango lao, nyuma ya glasi ya maji ambayo hakuinywa. Klachi alitoka, akapotelea kwenye kona. Jua lilipopanda, lango likafunguliwa, na pua ndefu ya kijani ikachungulia nje. Vioo vyake vilikuwa vyeusi. Ndicho alichokipenda wakati ananunua, kwamba mtu wa nje hakuoni. Sasa alivilaani. Pale kwenye kona gari lilisimama, Klachi akaingia upande wa abiria, likaondoka.

Dakta aliingia kwenye teksi iliyokuwa imeegeshwa pale nje. "Lifuate lile gari la kijani. Usilikaribie sana."

Dereva alimtazama kwenye kioo. "Mume?"

"Endesha, kaka yangu."

Aliyeshika usukani wa Kupe aliendesha kwa woga, akisimama kabla hata ya kusimamishwa. Dakta alijiandalia maneno, akayapanga makali mbele. Alitarajia hoteli, au nyumba yenye maua dirishani. Kupe aliingia kwenye uwanja wa jengo la kijivu lenye picha ya jicho kubwa ukutani.

Mlango mrefu wa dereva ukafunguka. Akateremka mwanamke mfupi, mto wa sebuleni kwapani. Alikuwa wifi yake, mwenye ufunguo wa mlango wao wa nyuma. Mikono iliyosuka vichwa vya mji mzima, na gauni lililobeba nywele za kila rangi.

Wifi alizunguka, akafungua upande wa pili, akamshika kaka yake mkono. Klachi alishuka. Walipofika kwenye ngazi, aliinamisha kichwa, akatafuta kipandio cha kwanza kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayepima kina cha maji.

Maneno makali yote ya Dakta yakayeyuka. Alilipa teksi, akawafuata.

Ndani, Klachi alikuwa ameketi kwenye benchi la kungojea, uso mbele. Wifi alikuwa dirishani akiongea na karani. Dakta alikwenda akakaa kushoto kwa mumewe, karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa. Klachi hakugeuka. Hakuna kilichoonyesha kwamba amejua kuna mtu pale. Mke akamtazama shavu, sikio, mvi, na mkono uliolala gotini, akasubiri aonekane. Hakuonekana.

Wifi aligeuka, akamwona, akaganda.

"Wamesemaje?" Klachi akauliza. "Mbona umenyamaza?" Dada mtu akamtazama wifi yake. "Mwaka huu hata wewe umeanza kunificha. Sikiliza, Dakta asijue bado. Acha kwanza alifurahie gari lake."

"Dakta amejua," alisema mkewe.

Aligeuza kichwa chote, hadi uso wake ukamkabili, na hapo tu ndipo akamwona.

"Ni presha ya macho," akasema mwishowe. "Mbele naona. Pembeni kumekufa, na wanasema hakufufuki. Wanajaribu kuzuia kilichobaki tu. Kuna mwendesha baiskeli nilikaribia kumgonga, mwanafunzi akiwa kando yangu. Yeye alimwona, mimi sikumwona. Siku hiyohiyo nikaacha."

"Na mimi ukanifanya mjinga."

"Nilijifanya mimi mwenyewe mzima. Ni tofauti kidogo."

"Si tofauti!" Watu benchini waligeuka. Dakta alishusha sauti. "Mimi nilidhani una mwanamke. Nilidhani una wanawake watatu."

Wifi alishika gauni lake, akalitazama, akaelewa. Alitaka kucheka, akamwona wifi yake analia, naye akaacha.

"Na gari?" Dakta akauliza. "Kwa nini ulikubali haraka vile?"

"Maisha yangu yote nimenunua makabati," Klachi akasema. "Nikasema angalau la mwisho nitakaloliona, liwe zuri."

Hakumsamehe pale pale. Walirudi watatu ndani ya Kupe, wifi amekunjwa nyuma magoti kidevuni, akilaani waliobuni kiti kile. Wiki ile nyumba ilikuwa ya maneno machache. Lakini dawa za matone Dakta alizichukua yeye, akawa anamtia mwenyewe asubuhi na jioni, kichwa cha mumewe kwenye mapaja yake, na siku za daktari wa macho aliahirisha wagonjwa wake waziwazi. Hata hivyo shaka haikumtoka. Kila Klachi aliposema "naona", alimpima.

Siku moja walitoka nje ya mji kunyoosha injini. Barabara ilikuwa pana, na Kupe aliruka kama aliyefunguliwa kamba. Klachi alikuwa akisimulia mandhari kwa mbwembwe: mlima ule, wingu lile.

"Na kushoto kwako kuna nini?" Dakta akauliza.

Akaanza kugeuza kichwa.

"Usigeuke. Niambie tu."

Klachi aliurudisha uso mbele.

"Sijui," akasema. "Niambie wewe."

Dakta akapunguza mwendo, akaanza kumweleza.