Tope la Mpitimbi Linakoroma

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, Kunegunda alishuka bondeni Mpitimbi kuchota maji ya togwa, akakuta tope limelala. Lilikuwa linakoroma. Mkoromo ulitoka chini ya matete, mzito na wa taratibu, na kila alipokanyaga alipiga miayo. Maji ya kisimani yalikuwa ya kijani, yananuka mayai viza. Aliyachota hivyo hivyo, akayachemsha, na togwa yote ikarudi naye kutoka gulioni. Watu walinusa, wakaenda kununua soda.

Kunegunda ni mjane na togwa ndiyo inayomlisha, kwa hiyo subira hakuwa nayo. Alimpigia simu Oliva, afisa ugani, ambaye alikuja na pikipiki kutoka Songea mjini, akamwamkia shikamoo, akavua viatu, akachimba tope kidogo na kulitegea sikio.

"Mama, humu mna vijidudu visivyoonekana," alisema. "Vya kila aina. Ndivyo vinavyokusafishia maji. Sasa vingi vimelala."

"Vimechoka nini?"

"Havijachoka. Vimelazwa na mbolea, imezidi. Vilivyo macho ni vichache, vile vilafi, na hivyo ndivyo vinavyotoa harufu."

Mbolea yenyewe haikuwa siri. Kila mwaka, mahindi yakianza kukauka, Mpitimbi nzima hushuka bondeni kusuuza salfeti zilizokuwa na mbolea ili zije kuwekewa mahindi, na kilichobaki kwenye pembe za mifuko huishia kwenye tope. Ile ya kukuzia nayo humwagwa juu juu mashambani bila kufukiwa, mvua ikaiteremsha. Ukiwaambia, wanakutazama kana kwamba umewatukania wazazi.

Polikarp, mwenyekiti wa kitongoji, aliitisha mkutano. Oliva akaeleza tena toka mwanzo, kwa upole ambao Kunegunda hakujua anautoa wapi. Salfeti zisuuzwe mbali na bonde, mbolea ifukiwe, na tope litaamka lenyewe. Watu waliitikia. Baadhi walisinzia, maana mkoromo ulifika hadi pale.

Kisha Polikarp akasimama kufunga. Alisema wamemwelewa mtaalamu vizuri sana: vijidudu vimelala. Kwa hiyo ni marufuku kupiga kelele bondeni. Redio zizimwe, watoto wasiimbe, na anayekwenda kisimani avue ndala. Mkutano ulipiga makofi, polepole.

"Na salfeti?" Kunegunda aliuliza.

"Salfeti hazina kelele, mama," alisema Polikarp.

Inachosha hata kusimulia. Kesho yake Kunegunda alirudi kisimani, peku kama wenzake, na kishikio cha ndoo kikalia kidogo. Getruda, jirani yake wa miaka yote, alikuwa ameinama pale kando ya maji. Alimgeukia akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu, dada," alinong'ona. "Wenzio wamelala."

Mkono wake mwingine ulikuwa ndani ya maji, unasuuza mfuko.