Diski Iliyo Mapajani

…au ni ile, hapana, hii niliyoichomoa ndiyo ya baba, lazima iwe ya baba, na iliyobaki ndani ya seva yetu ya nyumbani ndiyo ya mfumo wa zamani, ndiyo inayofutwa sasa hivi ili mfumo mpya ukae, kioo kinasema subiri, usizime, na mimi hata nikizima, kilichofutika kimefutika… kaka alinionya kwenye simu, yeye anauza magodoro lakini kwa mambo ya kompyuta tunamwita Mhandisi, akasema, "Dada, mfumo huo umeshaachwa na waliouunda, hamia mpya, ila chomoa kwanza diski yenye sauti ya mzee, unanisikia?" nikamwitikia ndiyo, ndiyo, maana nilikuwa nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito, M ya mfumo, B ya baba, nani angekosea hapo, kumbe mama ameshapita na kitambaa chake cha sabuni, mama ambaye vumbi likimwona linahama lenyewe, na diski zote mbili zinang'aa, pacha, hazina hata alama, nami badala ya kusubiri nikachomoa ya kushoto, basi tu, mkono ulikwenda kushoto… miguu ya mama hiyo ukumbini, naogopa, Mungu wangu, naogopa kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

"Mbona umekaa sakafuni, mwanangu?"

Nasema najaribu mashine. Anasema aliisafisha juzi, ilikuwa imechorwachorwa, nasema niliona, mama, asante, sauti inatoka nyembamba, nitamwambiaje, na mwenyewe nilimrekodi baba pale kitandani hospitalini, nikaenda kununua sigara… si sigara, maji, nikaiacha simu inarekodi kwenye mto wake, kisha nikaihifadhi sauti yake kwenye diski hiyo na tangu mazishi sijathubutu kuifungua, ilinitosha kujua yumo…

"Utamaliza kabla ya jioni? Jioni nakaa naye."

Na nani, mama?

"Na baba yako. Kabla hujarudi kutoka kazini nafungua sauti yake kwenye tivii, inatoka humo kwenye mashine yako, kaka yako alinionyesha. Ile ya ulipotoka kwenda kununua maji. Anakohoa, anatulia, halafu ananiuliza, huyu mtoto amekula?"

Anacheka kidogo, anarudi jikoni, sufuria inagonga sufuria, na mimi nilidhani ni siri yangu, nilidhani nikipoteza nitapoteza peke yangu, kumbe kila jioni kuna mtu anayemngojea, na leo jioni atavuta kiti mbele ya tivii… alikuwa ananiulizia, nami niko kwenye foleni ya maji… naishika diski kwa mikono miwili, ina uvuguvugu, sijui ni wa mashine au wa mapaja yangu, kioo bado kinasema subiri, mstari haujasogea, nimekula baba, nimekula, ila uwe wewe huyu niliyekushika.