Bei ya Kidirishani

Mapenzi aliuza kamba za katani kwenye kidirisha cha kiwanda, nje kidogo ya mji wa Kilifi, na kwa kazi hiyo mdomo wake ulikuwa mali. Mtu akiuliza bei, yeye hupaa nayo juu. Mnunuzi huguna, hugeuka kana kwamba anaondoka, huitwa, hurudi, na mwisho hukutana karibu na nusu. Hakuna mtu wa Vitengeni wala Mariakani aliyewahi kulipa bei ya kwanza. Angeilipa, wenzake wangemwonea huruma. Meneja, Bwana Thuku, mtu wa bara, aliyaacha mambo yaende hivyo. Jioni aliandika jumla ya mauzo, basi.

Mwaka wa themanini na sita, wenye viwanda vya kamba huko ng'ambo walishtaki kwa serikali yao. Walidai kamba za Kilifi zinauzwa kwao rahisi kuliko zinavyouzwa nyumbani, kusudi wao wafilisike. Ikithibitika, zingetozwa ushuru wa adhabu, na mnunuzi mkubwa wa kiwanda angehamia kwingine. Karibu kamba yote ilikwenda huko. Kila mfanyakazi alijua kwamba kazi yake inategemea soko hilo, akiwamo Tsuma, mume wa Mapenzi, aliyekuwa kwenye mashine ya kusokota.

Mkaguzi akatumwa kutoka huko, aje aone bei ya nyumbani. Asubuhi ya kuja kwake, Bwana Thuku alipita kidirishani kwa Mapenzi.

"Mama Kadii, atakuuliza bei. Mwambie vile unavyouza, usiogope."

"Haya, bwana."

Hakumweleza kwamba bei ya chini ya pale ndiyo ingewaokoa. Kwake jambo lilikuwa wazi. Wasomi bwana, wakishajua kitu hudhani kimejulikana na kila mtu.

Mkaguzi alikuwa mzungu mpole, shati limemlowa jasho. Alikuja na mkalimani wa Nairobi, na meneja aliambiwa abaki ofisini. Akashika bunda moja la kamba, akauliza linauzwaje. Mapenzi alimtazama viatu, akapaa na bei kuliko siku zote, kisha akangoja. Mzungu akaandika. Mapenzi akalisogeza bunda mbele, ili apate kulitia kasoro. Mzungu akashukuru, akaenda zake. Mkalimani akamfuata. Alilipwa kutafsiri maneno, desturi hazikuwemo kwenye mshahara.

"Hata hakuomba apunguziwe," Mapenzi alimwambia Tsuma jioni ile. "Watu gani wale, hawana hata hamu ya kununua."

Ushuru ulitangazwa masika yalipoanza. Ulikuwa mkubwa kupita hofu zao. Mnunuzi hakuagiza tena, na mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, ya Tsuma ikiwa miongoni mwa za kwanza. Siku ya kufunga, Bwana Thuku alikuja kidirishani, macho mekundu.

"Wameandika kwamba hapa nyumbani bunda linauzwa hivi," akasema, akataja bei.

Mapenzi aliijua mara moja.

"Ndiyo niliyomtajia. Nilingoja tupatane."

Bwana Thuku alishika ukingo wa kidirisha.

"Ilinipasa nikueleze," akasema. "Kosa ni langu. Usimwambie mtu, mama."

Alipokwenda, Mapenzi alijitafuta uchungu asiupate. Alijua ni jambo la kuliliwa. Ndani mwake mlikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Akafagia nyuzi zilizoanguka sakafuni, akafunga kidirisha, akaenda nyumbani kupika.

Tsuma alikula sima akimlaani yule mzungu. Wanaume wa kiwandani walikuwa wameshakubaliana: wakubwa wa Nairobi walihongwa, wakauza siri. Kila jioni walimpata mwingine wa kumlaumu.

"Ni mimi," Mapenzi akasema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyekifunga kiwanda. Mzungu aliniuliza bei, nikampa ya kwanza. Akaiandika hiyo hiyo, na ndiyo iliyotuponza."

Tsuma alimkodolea macho, tonge mkononi. Kisha akaangua kicheko, cha kwanza tangu mashine yake izimwe.

"Wewe wa kidirishani? Serikali nzima ya wazungu ikusikilize wewe?"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mapenzi alingoja amalize, akamwongezea mchuzi.