Kujifunza Kutua

Dafroza aliumia bila kuguswa na mtu. Hilo ndilo lililomsumbua dada yake, Eustakia, kuliko jambo lingine lolote. Walikuwa wanacheza netiboli Bugarama, timu ya kata yao ya Ntobeye ikiongoza kwa magoli manne. Dafroza akaruka, akaudaka mpira vizuri kabisa, akatua. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooka kama mchi. Goti likaingia ndani, naye akaketi chini akilishika kwa mikono miwili, hata kulia akashindwa.

Hospitali waliambiwa kano ya goti imechanika. Wakapelekwa chumba cha mazoezi ya viungo, kwa mtaalamu mmoja mrefu, mpole, aliyeitwa Priscila.

"Lakini hakuna aliyemsukuma," Eustakia alimwambia. "Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake."

"Nakuamini. Wengi ninaowapokea kutoka kwenye mchezo wenu hawakusukumwa." Priscila akamtazama miguu. "Hebu simama. Wewe, siyo mgonjwa. Simama kwa mguu mmoja, kisha jishushe kama unayetaka kukaa kwenye kigoda."

Eustakia alikuwa na miaka thelathini na minne, watoto watatu, shamba la migomba na kahawa, na miaka tisa ya kucheza katikati ya uwanja. Alijishusha bila wasiwasi.

"Sasa tazama goti lako. Linakwenda wapi?"

Akatazama. Goti lilikuwa limeinamia ndani, linatetemeka.

"Ndani," alisema.

"Na la mdogo wako lilikwenda wapi?"

Eustakia alishusha mguu wa pili haraka, kama aliyekanyaga kaa la moto. Akauliza swali moja tu: "Linarekebishika?"

"Vizuri sana. Misuli ya nyonga na ya nyuma ya paja ndiyo inayolishika goti. Robo saa, mara tatu kwa wiki, timu nzima. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayeumia tena, lakini hatari itapungua sana."

Priscila alimwonyesha zoezi moja baada ya jingine, na Dafroza, mguu wake ukiwa juu ya mto, akarekodi kwa simu. Kujishusha na kuinuka. Kulala chali na kuinua nyonga. Kusimama kwa mguu mmoja huku unarusha mpira. Mwisho kabisa, kuruka na kutua: magoti yamekunjwa, yametazama mbele, na mguu usitoe kishindo.

Jumatatu Eustakia alimfuata kocha wao, Mwalimu Mashimba, ambaye wazazi wake walihamia Ngara kutoka Shinyanga na ambaye hakupenda kupoteza hata dakika ya mazoezi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Dafroza anaendeleaje?"

Alimweleza, kisha akamwonyesha video. Mashimba aliitazama mpaka mwisho, akarudisha simu.

"Robo saa ya kusimama kwa mguu mmoja kama korongo. Wenzetu wa Rusumo watakuwa wanafunga magoli."

"Tutakuja robo saa mapema. Muda wako hatutaugusa."

"Na wakichoka kabla sijaanza?"

"Mwalimu, jaribu wewe kwanza. Mguu mmoja tu."

Alijaribu, kwa heshima ya mgonjwa. Akayumba, akashika nguzo ya goli. Wachezaji waliokuwa wamefika wakageukia pembeni wasionekane wanacheka. Mashimba mwenyewe akacheka.

"Haya. Wiki nane, mpaka siku ya mechi yetu na Rusumo. Nikiona hakuna maana, tunaacha."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya maumivu ya mapaja. Ya pili ikawa ya maneno. Watu waliotoka sokoni walisimama kuwatazama wanawake wazima wamelala chali, wanainua nyonga, na hawakunyamaza. Wachezaji wawili waliacha kuja mapema. Magdalena, mlinzi wao mwenye mwili mkubwa na ulimi mkali, akasema waziwazi kilichokuwa mioyoni mwa wengi.

"Dada Eustakia, sisi tunapanda hivi vilima na mkungu wa ndizi kichwani tangu utoto. Mtu wa mjini ndiye anayehitaji kufundishwa nguvu."

"Kupanda tunajua," Eustakia alijibu. "Kutua ndiko hatujui. Ruka uone."

Magdalena akaruka, akatua kwa kishindo, vumbi likatimka.

"Sasa rudia. Safari hii nisikusikie."

Ilimchukua majaribio kumi na mawili. La kumi na tatu lilikuwa kimya kabisa, na Magdalena akasimama pale akitazama miguu yake kana kwamba ameletewa mipya. Baadaye ndiye aliyewafuata majumbani kwao wale wawili walioacha, akarudi nao.

Kufikia wiki ya sita, Eustakia aliona mabadiliko hata shambani. Alipoteremka mteremko wenye utelezi, goti la kushoto, ambalo lilikuwa likimuuma kila msimu wa kuvuna kahawa, lilitulia. Hakumwambia mtu. Aliongeza mazoezi tu.

Rusumo waliwapokea kwenye uwanja mgumu wa changarawe, si mbali na foleni ya malori ya mpakani. Mechi ilikuwa ya kuvutana. Robo ya mwisho, wakiwa sawa, Eustakia aliruka kudaka pasi ndefu, na angani mlinzi wa Rusumo akamgonga bega. Alijua kabla ya kufika chini kwamba atatua kwa mguu mmoja, ule wa kushoto, tena upande upande. Hofu ilimpita mara moja, baridi. Kisha mguu ukagusa ardhi, goti likakunjika likitazama mbele, nyonga ikashika, naye akawa amesimama na mpira mkononi. Akampa mfungaji. Goli.

Walishinda ishirini na moja kwa kumi na tisa. Aliyeumia ni Magdalena peke yake, kidole.

"Vidole havikuwemo kwenye video!" alilalamika, huku akicheka.

Nahodha wa Rusumo, Claudia, akaja kuwasalimu. "Yale mliyofanya kabla ya mechi ni nini? Sisi tulidhani ni maombi."

Eustakia alimtazama Mashimba, asije akaona ni siri ya timu. Kocha akatikisa mkono. "Wafundishe, mama. Mimi sitaki kuishinda timu yenye majeruhi."

Basi palepale, jezi zikiwa zimelowa jasho, timu mbili zikajipanga mistari miwili, na madereva wa malori wakashuka kutazama. Eustakia alipita kati yao akisahihisha magoti, huyu nje kidogo, yule ashuke zaidi.

Dafroza alifanyiwa upasuaji, akafanya mazoezi yake kwa miezi kumi bila kuruka siku. Priscila alipomruhusu, alicheza dakika kumi tu za mechi yake ya kwanza, akatoka mwenyewe bila kuambiwa, akakaa kwenye benchi.

"Vipi?" Eustakia akamuuliza kutoka uwanjani.

"Goti lipo imara," Dafroza alisema. "Wiki ijayo nacheza robo nzima."