Vidonge Vilivyobaki Dukani

...vidole vitatu, na bado hajaviondoa, huyu daktari wa tiba ya Kichina amekishika kifundo cha mkono wa mke wangu utadhani anasikiliza watu wanaoongea chumba cha pili, anapima mpigo wa ini, anasema, halafu wa wengu, kwani ini lina mpigo wake, mimi niliyeuza dawa miaka ishirini na mbili sijalisikia hilo, lakini nyamaza, nani kakuuliza... mawe matatu kwenye nyongo, picha ya hospitali imeyaonyesha, moja kama punje ya mahindi, upasuaji ni Alhamisi, na hapa tumekuja kwa kuwa ameomba mwenyewe, "Nataka mtu aniambie yametoka wapi," haya basi... "Toa ulimi, mama," anautoa, mweupe, una utando mzito, daktari anatikisa kichwa, tumbo limejaa unyevu, anasema, wengu umechoka, nyongo isipotembea huganda, na wale bakteria wema wa utumbo ni kama wamefyekwa, "Umetumia sana antibayotiki?"... wamefyekwa, ee Mungu wangu, na panga alilishika nani kama si mimi, vile vidonge, mteja anataka nusu dozi, namkatia, vinabaki vinne vya aina hii, vitatu vya ile, havimtoshi mtu, natia mfukoni napeleka nyumbani, tumbo likimuuma, "Meza hivi, mama watoto," likimuuma tena, meza na hivi, vya njano, vyekundu kwa vyeusi, miaka nenda miaka rudi, na mimi najigamba kwamba nyumba yangu haijui foleni ya hospitali, kumbe nimemgeuza mke wangu pipa la makombo ya duka... na alijua, hilo ndilo linalonichoma, alijua, nilimsikia jikoni akimwambia wifi yake, "Mimi mke wa muuza dawa nikikataa dawa ya mume wangu, wateja watamwamini vipi?" wakacheka, nami mlangoni nikatabasamu kama zuzu, nikajiona nimepata mke, badala ya kuingia na kumwambia acha, usimeze tena... "Hapana, daktari," anasema sasa, hanitazami, "labda mara mojamoja," "Nani alikuandikia?" "Sikumbuki"... hakumbuki! mwanamke anayekumbuka kila sufuria aliyomwazima jirani na siku aliyomwazima, ananisitiri, hata hapa, na Alhamisi wanampasua, na mkono wenyewe ulivyokonda, umekonda hivi tangu lini, mimi nilikuwa wapi... vidole bado viko palepale, daktari kafumba macho, mke wangu anatazama sakafu, na mimi naona aibu, masikio yanawaka, na yawake, akifumbua tu macho nitasema, ni mimi, daktari, nilimpa chochote nilichokuwa nacho mfukoni, na katika miaka yote hiyo sikumuuliza hata siku moja panauma wapi.